Baraza la Karani: Mgeni wa Bia Aanzie Wapi?



Juma lililopita nilipokea barua ya kijana mmoja ambaye jina lake nalificha kwa ombi lake mwenyewe. Asema yeye ni mwalimu, ameajiriwa karibuni, na mshahara wake wa kwanza umekwisha kuingia. Baada ya salamu aliandika hivi:

"Bwana Karani, tangu nizaliwe sijaonja bia. Mwisho wa mwezi walimu wenzangu wamenialika Kisii mjini kunipongeza, nami sitaki kuonekana mshamba mbele yao. Nasikia ziko bia za namna nyingi, nyeupe na nyeusi, kali na laini, za chupa na za pipa. Tafadhali unieleze tofauti zake na unishauri nianze na ipi. Naomba tu usinitajie amarwa ya mitungi. Hiyo nawaachia wazee na watu wasiosoma."

Barua hii nimeisoma mara tatu. Swali lake la kwanza ni la haki, nami nitalijibu kwa kadiri ya ujuzi wangu. Yale maneno yake ya mwisho si swali, walakini nayo nitayajibu, kwa sababu yamenigusa mahali ambapo mwandishi wake hakujua.

Kwanza yafaa niseme neno moja. Wapo wasomaji wengi wa ukurasa huu ambao kwa imani yao hawagusi kileo. Wasimame papo hapo waliposimama, na mtu asiwacheke. Tena Shirika la Afya Duniani lilieleza mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kusemwa hakina hatari kabisa kwa afya. Kwa hiyo simshawishi mtu kunywa. Bwana Mwalimu amekwisha kukata shauri la kuonja, naye ni mtu mzima. Basi heri aonje akijua anachoonja.

Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa bia mwaka 2019, nami wakati huo nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilisomeshwa katika shule ya misheni, na huko kileo kilitajwa pamoja na wizi. Nilipopandishwa cheo ofisini, wenzangu walinipeleka katika baa moja mjini Kisii. Mhudumu akaja, akaniuliza kwa adabu, "Mkubwa, baridi au moto?" Mimi sikujua kwamba katika milima hii yetu, ambako jioni huwa na baridi, watu wengi hupenda bia isiyotiwa katika friji, nayo ndiyo huitwa "moto." Nilidhani naulizwa habari za chai. Nikajibu, "Moto, na sukari kidogo."

Wasomaji, kicheko kile nadhani kilisikika hata sokoni. Nami, kwa kutaka kuiondoa aibu, niliagiza kama walivyoagiza wenzangu, nikanywa upesi kuliko wao wote. Ile ya kwanza niliiona chungu, nikadhani imeharibika. Ya pili sikuionja ladha yake. Ya tatu siikumbuki. Nilipanda matatu ya kurudi nyumbani, nikalala, na kondakta akaniamsha akisema, "Mkubwa, hapa ni Keroka. Si ulisema unashuka Keumbu?" Nililipa nauli mara ya pili ili kurudi nilikopitishwa. Kesho yake, kichwa kikiniuma, nilitambua kwamba usiku ule wote nilikunywa kwa ajili ya macho ya watu. Kama mtu angaliniuliza nimekunywa nini, nisingaliweza kumjibu.

Ndipo nilipoamua kwamba, ikiwa nitakunywa, nitajifunza kwanza kama nilivyojifunza kazi ya ofisi, jalada moja baada ya jingine. Na haya ndiyo niliyoyaona.

BIA NI KITU GANI

Bia ni kinywaji cha nafaka iliyochachushwa. Vitu vyake vikuu ni vinne: maji, nafaka iliyooteshwa, hamira, na maua machungu ya mmea wa kizungu uitwao hopsi. Nafaka itumikayo zaidi ulimwenguni ni shayiri. Huloweshwa ikachipua, halafu hukaushwa kwa moto kabla chipukizi halijawa mche. Hicho ndicho kimea, neno ambalo kila mtoto wa Gusii aliyewahi kuona wimbi likianikwa analijua maana yake bila kufundishwa. Nafaka inapochipua, hujitengenezea nguvu ya kugeuza wanga wake kuwa sukari. Hamira huila sukari hiyo, ikatoa kileo na povu. Basi hivyo ndivyo ilivyo, katika kiwanda kikubwa na katika jiko la kuni.

Wahenga walisema, mchele ni mmoja lakini mapishi ni mengi. Hali kadhalika bia. Ukikausha kimea kwa moto mdogo, bia huwa ya rangi ya dhahabu. Ukikaanga nafaka mpaka ikawa nyeusi, bia nayo huwa nyeusi. Ukizidisha hopsi, huwa chungu zaidi. Hata hamira zina tabia mbalimbali. Iko hamira ipendayo joto la nyuzi kama 20, nayo hufanya kazi yake upesi na kuacha harufu kama ya matunda. Bia yake huitwa eli. Na iko hamira ivumiliayo baridi ya nyuzi kama 10, nayo hufanya kazi polepole na kuacha bia safi isiyo na harufu nyingi. Bia hiyo huwekwa majuma kadhaa mahali pa baridi ili itulie. Wajerumani kwa lugha yao huita kuweka akiba "lagern," na kwa sababu hiyo bia yenyewe ikaitwa laga. Mtu akizijua hizo jamaa mbili, eli na laga, amekwisha kupata ufunguo wa nyumba. Vilivyobaki ni vyumba.

LAGA, BIA YA DHAHABU

Bia nyingi zilizo katika rafu za baa zetu ni laga. Mashuhuri kuliko zote ni Tusker. Kampuni yake ilianzishwa Ruaraka, Nairobi, mwaka 1922, na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la tembo dume mwenye pembe; ndiyo maana mnyama huyo yumo katika karatasi ya chupa mpaka leo. Kileo chake ni 4.2 kwa mia. White Cap ni ndugu yake, nayo jina lake lakumbusha theluji iliyo juu ya Mlima Kenya.

Iko tena Pilsner. Jina hili limetoka mji wa Plzeň, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Wenyeji wa mji huo walikuwa na bia mbaya, hata mwaka 1838 mapipa yaliyoharibika yakamwagwa hadharani mbele ya nyumba ya halmashauri. Wakajenga kiwanda kipya, wakamwajiri fundi kutoka Bavaria, Josef Groll, na mwaka 1842 akawatolea bia ya rangi ya dhahabu, nyangavu, yenye uchungu mzuri wa hopsi. Bia hiyo iliigwa ulimwenguni kote. Kwa hiyo Bwana Mwalimu akinyanyua glasi ya laga mjini Kisii, ajue kwamba ananyanyua mjukuu wa watu waliochoka kunywa bia mbaya.

Kwa mgeni, laga ndiyo mlango mwepesi. Ulimi hukutana kwanza na utamu mdogo kama wa mkate, kisha uchungu unakuja nyuma. Uchungu huo ndio niliodhani ni uharibifu. Mimina katika glasi, usinywe kwa chupa, maana pua ina kazi yake nayo lazima ipewe nafasi. Kunywa kidogo, ngoja, sema na mwenzako, kisha urudi.

STAUTI, BIA NYEUSI

Bia nyeusi huitwa stauti, nayo kwa asili ni ya jamaa ya eli. Ijulikanayo zaidi hapa ni Guinness. Mwaka 1759 Arthur Guinness alikodi kiwanda mjini Dublin, nchi ya Ireland, kwa mkataba wa miaka 9,000. Sisi tunaoandika mikataba ya ardhi maofisini hatujapata kuona mwingine kama huo.

Weusi wake watokana na shayiri iliyokaangwa. Watu wa Kisii hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa maneno mengi, kwa kuwa tunalima kahawa. Chukua buni mbichi na buni iliyokaangwa, unuse. Hiyo ndiyo tofauti ya laga na stauti. Wengine huambiwa kwamba bia nyeusi ni dawa ya damu. Hilo ni neno la barazani tu. Mgonjwa aende hospitali. La kuangalia ni nguvu yake, kwa kuwa stauti ya chupa iuzwayo Afrika kwa kawaida ni kali kupita laga.

Hapa niruhusuni niwe karani kidogo. Chupa ya mililita 500 yenye kileo 4.2 kwa mia ina mililita 21 za kileo kitupu. Chupa kama hiyo yenye 6.5 kwa mia ina mililita 32 na nusu. Basi aliyekunywa chupa mbili za ile kali amepata mililita 65, na aliyekunywa tatu za ile laini amepata 63. Yule wa kwanza atajisifu kwamba amejizuia, kumbe amemshinda mwenzake. Kwa hiyo usihesabu chupa tu. Soma karatasi yake kama usomavyo hati kabla ya kutia sahihi.

KEGI, BIA YA PIPA

Mwaka 2004 ilianza kuuzwa Senator, bia ya pipa ambayo watu huiita kegi. Kusudi lake lilikuwa mtu wa kipato kidogo apate bia safi kwa bei nafuu, aache kunywa vitu vya sumu vilivyofichwa vichakani. Na serikali, kwa sababu hiyo, ikaipunguzia ushuru. Baadaye ikaanza kutengenezwa kwa mtama, na wakulima wa sehemu nyingi, hata hapa Nyanza, wakapata soko. Mwaka 2013 nafuu ya ushuru ilipunguzwa sana, bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, na wakulima wa mtama wakalia. Nafuu ikarudishwa baadaye, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa upya kwa ajili ya bia hiyo. Ladha yake ni laini na tamutamu. Wako watu wenye suti waionao kuwa ni duni. Mimi nimeinywa, nami nasema mtama ni nafaka ya heshima.

ELI ZA MAFUNDI WADOGO

Katika miaka hii ya karibuni viwanda vidogo vimezuka Nairobi, kama vile Bateleur na 254, ambavyo hutengeneza bia kwa mapishi mbalimbali. Humo mgeni huweza kukuta eli nyekundu, bia ya ngano yenye ukungu na harufu kama ya ndizi mbivu, na ile eli chungu iitwayo IPA, ambayo jina lake lakumbusha bia zilizotiwa hopsi nyingi na kupelekwa India kwa meli zamani za Waingereza. Nilionja IPA nikiwa Nairobi kwa safari ya kazi. Mara ya kwanza ilinikunja uso kama kwinini. Nilipoionja polepole nikasikia harufu ya maganda ya chungwa. Bei yake, walakini, ilinitosha kwa glasi moja, nami nikaona hiyo ni faida.

AMARWA

Sasa nayafikia yale maneno ya mwisho ya barua.

Bwana Mwalimu, waijua amarwa inavyofanywa? Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana lililowekwa motoni, ukigeuzwageuzwa na mtu asiyeondoka, mpaka uwe na rangi ya karanga. Huanikwa juani ukakauka. Halafu hutiwa katika mtungi pamoja na maji na kimea cha wimbi, ambalo kwetu ni obori, nayo yaachwe yachemke yenyewe bila moto. Siku ya pili au ya tatu povu likitulia, kinywaji ki tayari. Angalia sasa: nafaka iliyooteshwa, nafaka iliyokaangwa, maji, na hamira iliyomo katika kimea chenyewe. Hakipungui kitu ila hopsi. Ukiuliza fundi ye yote wa bia, atakwambia kwamba hii ni bia, tena ni ya aina ya zamani sana.

Wazee wetu waliinywa wameketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Katika mihuri ya kale ya Wasumeri, iliyochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita katika nchi ambayo leo ni Iraq, wameonyeshwa watu walioketi vivyo hivyo, mtungi katikati na mirija mirefu mikononi. Majirani zetu Wateso hunywa ajono ya wimbi kwa mirija, wakiongeza maji ya moto. Wachaga wa Kilimanjaro hupika mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi. Warwanda wana urwagwa wa ndizi. Hizi zote ni bia za Afrika ya Mashariki, nazo hazina aibu kuketi katika orodha moja na zile za Plzeň na Dublin.

Basi hiyo dharau ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka katika sheria. Wakati wa ukoloni, mpaka miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, Mwafrika wa Kenya alikatazwa kunywa bia ya chupa; hiyo ilikuwa ya Mzungu. Siku iliporuhusiwa, mwenye kuishika chupa alionekana amepanda daraja, na mwenye kushika mrija alionekana amebaki nyuma. Chupa ikawa cheti cha usomi. Na baada ya Uhuru pombe za kienyeji zikaendelea kupigwa marufuku kwa amri mbalimbali. Mimi nililelewa katika marufuku hiyo, na sasa nitaeleza kwa nini barua ile ilinigusa.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita. Niliingia sekondari mwaka 2003, miaka mitano kabla serikali haijaanza kulipia masomo ya sekondari, na karo ilitakiwa taslimu mlangoni. Mama alikuwa na shamba dogo la ndizi, nazo ndizi hazikutosha. Akapika amarwa. Nilikaanga ule unga usiku, nikachota maji, nikachuja machicha kabla ya kwenda shule. Askari walipokuja, tuliuzika mtungi kati ya migomba na kuufunika kwa majani makavu. Mara mbili waliuona, wakaumwaga, na mara zote mbili nilirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Siku moja, katika mkutano wa asubuhi, mkuu wa shule alihubiri juu ya ulevi, akaagiza kila mwanafunzi ambaye kwao hawapiki pombe ainue mkono. Nilitazama kulia na kushoto. Nikainua mkono. Katika mfuko wa kaptura yangu zilikuwamo noti ambazo Mama alinipa alfajiri ile, nazo zilikuwa na harufu ya kimea. Nikazipeleka kwa mhasibu, akazihesabu, akanipa stakabadhi. Shule haikuzikataa. Sikumwambia Mama habari za mkono ule mpaka leo hii, naye husomewa gazeti hili na wajukuu wake, basi ataisikia hapa.

Sisemi kwamba mtungi haukuleta hasara. Naliwaona wanaume walionywa fedha za chumvi, na wake zao wakaja kumlilia Mama asiwauzie. Yeye alikuwa na desturi yake: aliyeanza kugomba alinyang'anywa kata, na mwenye deni hakupewa tena mpaka awe amepeleka unga kwake. Desturi hiyo sijaiona katika baa za mjini.

Wala sisemi sheria ivunjwe. Mimi ni mtumishi wa serikali. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ilifuta ile ya mwaka 1980 iliyokataza chang'aa, ikaweka umri wa miaka 18 kwa mnunuzi, na ikaagiza kila apikaye kileo kwa kuuza awe na kibali. Hilo ni jema. Lakini mwaka uliopita nililetewa orodha ya watu waliokamatwa kwa kupika bila kibali niinakili kwa kompyuta. Jina la nne lilikuwa la mama aliyekuwa akimwazima Mama yangu lile bati la kukaangia. Niliandika jina lake bila kukosea hata herufi, maana kazi ni kazi. Jioni nilipita kwake kumweleza namna ya kuomba kibali. Aliposikia ada yake alicheka tu, akasema, "Mwanangu, hiyo ni mitungi yangu ya mwaka mzima." Nadhani wakubwa wetu wa kaunti wangefanya vema kufikiri kibali chepesi kwa vikundi vya akina mama, chenye ada ndogo na ukaguzi wa usafi, ili kinywaji kinachopikwa kipimwe badala ya kufichwa.

NENO JUU YA CHANG'AA

Mgeni asichanganye amarwa na chang'aa. Amarwa ni bia. Chang'aa hutoneshwa kwa mvuke, na nguvu yake ni mara nyingi zaidi. Tena wako wauzaji waovu watiao methanoli, ambayo ni sumu ipofushayo macho na kuua. Mwezi wa Mei mwaka 2014 watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti mbalimbali za Kenya kwa kinywaji cha namna hiyo. Ladha haitakuonya. Kitu usichojua kilikotoka, usikiguse, hata kama ni cha bure. Na hasa kama ni cha bure.

SHAURI LANGU

Basi, Bwana Mwalimu, nakupa mashauri matano, nawe uyatie mfukoni siku ya mwaliko.

Kwanza, kula ugali wako na mboga kabla ya kwenda. Tumbo tupu ni mshauri mbaya.

Pili, anza na laga moja, ndani ya glasi, unywe polepole. Ukitaka kujua tofauti, nusu ya stauti baadaye yatosha. Kati yake unywe maji. Usijifunze bia zote usiku mmoja. Hata mtihani wa taifa hufanywa kwa siku kadhaa.

Tatu, weka kando nauli na fedha za nyumbani kabla hujaondoka, na zile utakazobeba ziwe ndizo mwisho. Mshahara wa kwanza una wenyewe wengi: mzazi, kodi ya nyumba, na mdogo wako aliye shuleni. Tena usiendeshe hata pikipiki.

Nne, wakikuuliza "baridi au moto?" wajua sasa la kujibu. Na kama hujui jambo, sema hujui. Ningalisema hivyo mwaka 2019, nisingaliiona Keroka usiku.

Tano, na hili ndilo kubwa, usiidharau amarwa ili upate kuonekana msomi. Si lazima uinywe. Lakini darasani mwako wamo watoto ambao kalamu zao zimenunuliwa kwa mtungi, nao wanakutazama uso. Siku utakapofundisha juu ya uchachu, usiwaambie wainue mikono. Waulize ni nani ajuaye kimea hufanywaje, uone ni wangapi watakaojua kuliko kitabu.

Mwaka juzi nilimpelekea Mama chupa moja ya laga, ili naye aonje kile ambacho mwanawe anaandika habari zake. Sasa hapiki tena, magoti yamemkataa. Alimimina kidogo katika kikombe cha chai, akanusa, akaonja, akanyamaza kitambo kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha akasema, "Imechujwa vizuri. Lakini wameondoa nafaka yote." Akanirudishia iliyobaki, akaniuliza kama nimekula.

Kwaherini mpaka juma lijalo, ambapo nitajibu maswali juu ya mipaka ya mashamba.

Ni mimi Karani wenu,
Keumbu.